Mtoto wa Miwani

Buibui alikuwa mdogo kama punje ya ulezi, na alikuwa amejijengea nyumba ndani ya kikopo cha plastiki ambacho hakikupaswa kukauka hata siku moja. Donatille alikigundua asubuhi alipokuwa akifagia chini ya kitanda cha mjukuu wake, mlango ukiwa wazi na mwanga ukiingia kwa unyonge, kama unavyoingia mtaa wa Lac Vert siku ambazo volkano inaachilia moshi wake mjini. Kikopo kilikuwa na vyumba viwili, kimoja kina kifuniko cha kijani, kingine cheupe. Alifungua cha kijani akakuta vumbi jeusi laini, lile ambalo hapa Goma huingia hata kwenye yai. Alifungua cheupe, na buibui akajikunyata kwenye uzi wake.

Akachuchumaa pale pale, ufagio mkononi. Alijua kikopo kile ni cha nini. Tuyisenge mwenyewe ndiye aliyemweleza siku alipokileta nyumbani: jioni anatoa lenzi machoni, anazilaza humo ndani ya maji ya dawa, moja huku na nyingine kule, na asubuhi anazivaa tena. "Zinalala kama sisi, Nyogokuru," alisema, akimwita kama wajukuu wa Rutshuru wanavyowaita bibi zao, na Donatille alicheka kusikia kwamba siku hizi hata macho yana kitanda chake.

Sasa, ikiwa kitanda kimehamiwa na buibui, lenzi zenyewe zilikuwa zikilala wapi?

Alisikia maji yakimwagika nje. Akafunga vifuniko polepole, asimdhuru mwenye nyumba, akakifundika kikopo kwenye pembe ya kitenge chake na kutoka.

Tuyisenge alikuwa ameinama juu ya beseni kati ya mawe meusi ya volkano, akijimwagia maji usoni. Alipoinua kichwa, Donatille aliona kwamba jicho la kushoto halikuwa tena jekundu la jana. Lilikuwa limevimba, linatoa machozi, na binti alilifumba mbele ya mwanga huo hafifu kama mtu anayemulikwa tochi.

"Bado ni vumbi?" Donatille akauliza.

"Ni vumbi, Nyogokuru. Litatoka."

Mama Sikuli, mwenye nyumba, alitokea na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa Mnande wa Butembo, muuza maharagwe wa soko la Birere, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Ndiye aliyewapa chumba hiki cha mbao walipokuwa wakilala chini ya turubai kambini, na tangu hapo kila mtu akimsifu kwa hilo humjibu kwamba alitafuta tu mtu wa kumlindia kuku.

"Vumbi gani hilo linakaa wiki nzima?" akasema. "Jicho hili limeona bwana likashindwa kumsahau. Wewe binti, niambie jina lake, nikamtafute."

Tuyisenge alijaribu kucheka, lakini uso wote ukakunjamana kwa maumivu.

Mama Sikuli akaweka kikombe chini. "Eeh. Hii si ya mchezo. Niite mama Prodige wa jirani? Ananyonyesha, atie matone mawili ya maziwa."

"Maziwa ni ya mtoto," akasema Donatille. "Tunakwenda kwa daktari."

"Nyogokuru, niko na kazi saluni..."

"Saluni itakungoja. Jicho halingoji."

Tuyisenge alikuwa amefika Goma bila miwani. Kabla ya hapo, kijiji kizima cha Kalengera kilimjua kwayo. Tangu darasa la pili alikuwa akivaa miwani minene iliyoletwa na masista, na watoto wenzake walimwita Mtoto wa Miwani, kwanza kwa dhihaka, halafu kwa mazoea, mpaka hata padri akamwita hivyo siku ya kipaimara, kanisa lote likacheka. Bila miwani, alimwona mtu wa hatua tatu kama nguo iliyoanikwa. Siku ya kukimbia vita, miwani ilipotea. Donatille hakuuliza ilipoteaje. Siku ile watu walipoteza mambo makubwa kuliko miwani. Yeye alimpoteza Marie-Louise, binti yake, mama wa Tuyisenge.

Binti alipopata kazi ya kusuka nywele Birere, alidunduliza mpaka akaweza kwenda dukani kwa mtu wa macho. Yule bwana alimpa uchaguzi: miwani, au hizi lenzi laini ambazo mtu huzibandika juu ya jicho lenyewe. Miwani ilikuwa rahisi zaidi kutunza. Tuyisenge akachagua lenzi. Donatille na Mama Sikuli walimcheka jioni nzima. Mama Sikuli aliapa kwamba mtoto anatafuta bwana wa Himbi mwenye nyumba ya ghorofa na uwanja wa majani. Donatille naye alisema, kwa upole wake, kwamba urembo si dhambi, mradi mtu asiusahau mlango wa kanisa. Binti aliwaacha wacheke. Wakati ule Donatille alidhani kimya kile ni haya.

Kliniki ya macho ilikuwa na benchi refu na pazia jeusi. Nesi wa pale, mwanamke mnene aliyetembea kama mtu aliyebeba mtoto anayelala, alikiona kichupa cha dawa kimepoa mezani, akakifumbata kiganjani kwa muda kabla ya kumtia Tuyisenge matone. "Ya baridi inashtua," akasema tu. Donatille aliliweka jambo hilo moyoni. Katika miaka hii alikuwa amejifunza kuyaokota mambo kama hayo, kwa kuwa ndiyo yaliyompa nguvu ya kuamka.

Daktari Mulumeoderhwa alikuwa mtu mrefu wa upande wa Bukavu, mwenye sauti ya chini. Alimkalisha Tuyisenge nyuma ya pazia, akaelekeza taa nyembamba ya buluu kwenye jicho, akaangalia kwa muda mrefu. Alipotoka alivuta kiti, akakaa mbele yao, magoti yake yakikaribia kugusa ya binti.

"Kuna kidonda," akasema. "Kiko juu ya kioo cha mbele cha jicho. Ni kidogo bado, kama kichwa cha sindano. Lakini hakiko pembeni, kiko karibu na katikati, pale mnapopitia kuona. Kikichimba, jicho linaenda. Mnanielewa?"

"Tunakuelewa, docta," akasema Donatille, na mikono yake ikaanza kutafutana mapajani.

"Sasa niambie ukweli, mwanangu. Sikuulizi ili nikugombeze. Kila mdudu ana mlango wake wa kuingilia, na mimi nikikosea mlango, nitatoa dawa isiyofaa, na hatuna muda wa kukosea. Lenzi unazisafisha kwa nini?"

"Kwa dawa yake."

"Hata siku moja hujaziosha kwa maji ya bidoni? Ya ziwa? Ya mvua?"

"Hapana."

"Mikono unanawa kabla ya kuzigusa? Mnasuka, mikono inakuwa na mafuta ya watu."

"Ninanawa."

"Hujaazimana na rafiki?"

"Hapana, docta."

"Unalala nazo?"

Hapo Tuyisenge alichelewa kidogo. Ulikuwa muda wa mtu kumeza mate, lakini Donatille aliusikia.

"Hapana."

Daktari alichukua kalamu. Donatille aliitazama kalamu ile ikishuka, akahisi kwamba ikigusa karatasi kitu fulani hakitarudi tena. Mjukuu wake hakuwa mwongo. Katika yote waliyopitia, njaa, mvua ya kambini, foleni za unga, hakuwahi kumsikia akidanganya hata kuhusu kijiko. Kumwaibisha mbele ya mtu mgeni kulimuuma kama kumvua nguo. Alifundua pembe ya kitenge chake, akakitoa kikopo na kukiweka mezani.

"Docta, kifungue hiki."

Daktari akakifungua. Buibui, aliyesafiri kutoka Lac Vert mpaka mjini bila kulipa nauli, alitoka ukingoni mwa kifuniko cheupe, akasimama, akarudi ndani. Hakuna aliyecheka. Daktari aliutazama utando, jinsi ulivyokaa imara na kuzoea mahali pake, akaelewa.

"Tangu lini?" akauliza.

Tuyisenge alikuwa ameinamisha kichwa. "Tangu nilipozipata."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

"Jicho linapumua, mwanangu. Ukilifunika mchana, linavumilia. Ukilifunika usiku pia, ni kama kumlaza mtu amezibwa pua. Linachoka, linachubuka, na mdudu anakuta mlango wazi. Kwa nini unalala nazo?"

Binti akageuza uso ukutani. Daktari alingoja kwa heshima, halafu akaacha kungoja. Alichukua lenzi alizomvua nyuma ya pazia zikapimwe, akasema Tuyisenge hataziona tena mpaka jicho lipone, na pengine hata baadaye hapana. Akatoa matone: kila saa, mchana na usiku, siku za kwanza. Na akaonya kwamba jicho likiguswa na kitu chochote, hata kidole, hatajibu lolote juu yake.

Pikipiki ya kuwarudisha iliendeshwa na kijana aliyeona jinsi Tuyisenge anavyoukwepa mwanga kwa kiganja. Alivua kofia yake yenye ukingo mpana, akamvisha, akaendesha taratibu kwenye mashimo yote ya barabara ya Sake kama aliyebeba mayai. Donatille alimshukuru mara mbili. Walipofika uani, Tuyisenge akamgeukia.

"Umeniuza, Nyogokuru."

"Nimekuuza kwa docta. Sikukuuza kwa adui."

"Ni sawasawa." Akaingia ndani, akipapasa mlango.

Siku nzima Donatille alimtia matone na siku nzima binti aliyapokea kama mtu anayepigwa. Katikati ya tone na tone, ajuza aliketi kizingitini akiangalia miguu yake mwenyewe. Alikuwa amevaa viatu vya plastiki, vilivyofungwa. Alivivaa mchana, na alivivaa usiku. Tangu Kalengera hakuwahi kulala miguu mitupu. Kichwani pake, usiku, palikuwa na furushi lililokwisha kufungwa: sufuria, blanketi, kadi ya ubatizo ya kila mtu, sabuni. Hakufungua furushi lile isipokuwa kuchukua kitu, na baada ya kukitumia alikirudisha na kufunga upya. Aliliona jambo hili kuwa akili. Alikuwa amemfundisha Tuyisenge vivyo hivyo, kambini, usiku wa kwanza, mvua ikipiga turubai: lala kama mtu atakayeitwa. Na mtoto alikuwa msikivu. Alilala na gauni, alilala na kandambili. Donatille alijivunia utii huo.

Sasa alianza kuhesabu upya, na hesabu haikumpendeza. Mtoto alikuwa amelala na gauni, na kandambili, na macho.

Jua lilipokuwa likishuka, mizinga ikaanza upande wa Sake. Haikuwa karibu. Watu wa Lac Vert walikuwa wamejua kupima: huu ni wa vilimani, huu umevuka, huu ni wa kuingia chini ya kitanda. Mama Sikuli aliita kuku wake. Watoto wa jirani walinyamaza, wakasikiliza, wakarudi kucheza. Donatille alisimama kizingitini akisikiliza na wengine. Ulikuwa wa vilimani tu. Alipogeuka kumwambia hivyo mjukuu wake, alimkuta amepiga magoti kwenye kona.

Tuyisenge alikuwa amefungua kopo la maziwa ya unga alimohifadhi nyuzi za kusukia. Ndani yake kulikuwa na kizibo cha chupa chenye maji, na ndani ya maji, jozi kuukuu ya lenzi, zile za mwanzo alizoacha kuvaa, zimegeuka rangi kama ukucha. Moja ilikuwa imekwisha kukaa juu ya kidole chake. Kwa mkono mwingine alikuwa akilipanua jicho lile bovu, na machozi yalikuwa yakimiminika mpaka shingoni.

Donatille hakujua kwamba bado anaweza kuruka. Alimshika kifundo cha mkono.

"Tuyisenge! Unataka kujitoboa?"

"Niache, Nyogokuru!"

"Hayo maji umeyatoa wapi? Ya bidoni? Docta amesema..."

"Docta hakukimbia Kalengera!" Binti alivuta mkono, ajuza hakuuachia. "Watakuja, tutakimbia, nitaona nini? Niambie. Nitaona nini?"

Walibaki hivyo, wameshikana, lenzi ikitetemeka kwenye ncha ya kidole kama tone lisilotaka kuanguka. Mzinga mwingine ulilia. Na hapo, akiwa bado amepiga magoti, Tuyisenge akaanza kusema, haraka haraka, kama mtu anayetapika.

Alisema ilikuwa siku ya sikukuu ya parokia, Nyogokuru anakumbuka, siku ambayo Mama Wakatoliki wote walivaa kitenge chao kile cha buluu chenye maua meupe. Nyogokuru alikuwa amekwisha kupandishwa lori la wazee. Mama alikuwa na godoro kichwani, akamwambia: shika kitenge changu, usiachie hata Mungu akikuita. Barabara ilikuwa imejaa mpaka shambani. Ilikuja chukudu ya mbao ya magurudumu mawili imebeba mbuzi na masufuria, mwenye nayo anapiga kelele watu wapishe, na mpini wake ukampiga usoni. Miwani ikaruka. Akaachia kitenge, akainama. Aliitafuta kwa mikono miwili katikati ya miguu ya watu. Aliisikia ikivunjika. Aliposimama, mbele yake palikuwa na buluu yenye maua meupe, akaishika.

"Nikaita 'mama'. Akaitika. Ni mama gani angekosa kuitika siku ile?"

Donatille akapiga magoti mbele yake, bila kumwachia mkono.

"Nikatembea naye. Nilikuwa namwambia miwani imevunjika, ananiambia twende, mwanangu, twende. Kulikuwa na kelele, sauti zote zilikuwa moja. Tulipofika Rugari tukakaa chini, akanipa ndizi, akaniuliza: na wewe ni mtoto wa nani?"

Huyo alikuwa Annonciata. Sehemu hiyo Donatille aliijua. Alikuwa amekutana na Annonciata siku ile ile alipompata Tuyisenge kwenye uwanja wa shule, mwanamke mfupi mwenye watoto wake wanne, aliyekuwa amekubali kuvutwa kitenge na mtoto asiye wake njia nzima, akagawa naye ndizi, na alipoulizwa kwa nini hakumwacha alisema tu kwamba mkono ulikuwa umeshika kwa nguvu. Donatille alimwombea mwanamke huyo kila Jumapili. Hakuwahi kujiuliza mkono ule ulikuwa ukidhani umemshika nani.

"Na mama," Tuyisenge akasema, "mama aligeuka hakuniona. Akarudi. Uliambiwa, Nyogokuru. Nilikuwa nimelala, mkadhani sisikii. Yule papa mzee aliyekutana naye alisema mama anapanda kurudi Kalengera, watu wote wanashuka yeye anapanda, anauliza kila mutu: mumeona mutoto wa miwani? Mumeona mutoto wa miwani?" Mkono uliopanua jicho ukashuka. "Nani angeniona? Sikuwa nayo."

Nje, kuku wa mwisho aliingia bandani akilalamika. Donatille aliisikia sauti ya bintiye katika maneno yale, wazi kabisa, sauti ya Marie-Louise anapouliza kitu sokoni, yenye haraka na adabu. Alikuwa akiisikia tangu siku alipoambiwa habari hiyo, habari ya mwisho waliyoipata juu yake. Alidhani anaisikia peke yake.

"Miwani inaanguka," akasema Tuyisenge, sasa polepole. "Ndiyo maana. Hizi haziwezi kuanguka. Nikilala nazo, nikiitwa, naona." Akaitazama lenzi ya kidoleni, au akatazama mahali ilipo. "Na tena, nikizivaa, najua. Ninaona kila mwanamke wa buluu, najua si yeye. Nikizitoa, kila wa buluu ni mama anarudi. Siwezi, Nyogokuru. Siwezi kumwona kila mahali."

Hapo ndipo Donatille alipoelewa Jumapili zile. Kila mara Mama Wakatoliki walipovaa sare, binti aliumwa kichwa, au alikuwa na mteja, na yeye alimkemea kwa uvivu wa sala. Kitenge chake mwenyewe cha buluu kilikuwa chini kabisa ya furushi, kwa kuwa alimwona mtoto akikiepuka na akadhani ni uchungu wa kawaida.

Aliufungua mkono wa mjukuu wake kidole kimoja kimoja, akaichukua ile lenzi kuukuu kwa ukucha, na nyingine kutoka kwenye kizibo, akazifunga kwenye kitambaa na kuzitia kwenye makaa ya mbabula, jiko lao. Zilikunjamana mara moja, hazikutoa hata harufu.

Kisha akarudi, akaketi sakafuni karibu na furushi, akaanza kulifungua.

"Unafanya nini?" akauliza Tuyisenge. Alisikia tu mafundo yakiachia.

"Ninatoa sufuria."

Aliitundika sufuria kwenye msumari uliokuwa ukutani tangu walipohamia, ambao haujawahi kubeba kitu. Akatandika blanketi. Sabuni akaiweka dirishani. Kitenge cha buluu hakukigusa, alikiacha chini peke yake na kukifunika. Halafu akainama, kwa taabu, magoti yakilia, akavua viatu vyake. Miguu yake ilikuwa myeupe kwenye vidole, imekunjika kama ya mtu aliyekaa majini. Aliviweka viatu karibu na mlango, kimoja kando ya kingine, kama walivyofanya watu zamani nyumbani kwao.

"Nyogokuru, na wakija?"

"Wakija tutakimbia. Mimi niko na macho, wewe uko na magoti. Tukiungana tunatosha kuwa mutu mumoja mzima."

Kicheko kilimtoka Tuyisenge bila ruhusa, kidogo, kilichochanganyika na makamasi.

Donatille alivua kitambaa chake cha kichwa, cha pamba, kilichochakaa kwa kufuliwa. Alikichana ukingo kwa meno, akapata utepe mrefu. Mwisho mmoja akaufunga kwenye mkono wa mjukuu wake, na mwisho wa pili kwenye wake.

"Hiki huna haja ya kukiona," akasema. "Ukivuta, mimi ninajibu. Jaribu."

Tuyisenge akavuta kidogo. Donatille akajibu.

"Tena."

Akavuta tena. Ikawa hivyo, na saa ya dawa ilipofika, ajuza alikifumbata kichupa kiganjani kwanza, mpaka kikapata joto, ndipo akamtia tone. Mizinga ya Sake iliendelea kidogo, kisha ikanyamaza. Donatille hakulala. Miguu mitupu ilimwogopesha kuliko alivyotarajia, aliihisi chini ya blanketi kama miguu ya mtu mwingine. Lakini kila utepe ulipovutwa, hata katika usingizi, alijibu.

Walirudi kliniki mara nyingi. Kidonda kiliacha kuchimba, kikaanza kujaa, polepole, kwa ukaidi. Daktari hakuahidi mambo makubwa. Alisema kitabaki kovu, kama mtu aliyepulizia kioo pumzi na ukungu usifutike wote. Jicho la kulia lilikuwa salama. Miwani itapimwa jicho likitulia, akasema, na Tuyisenge aliposikia neno hilo alishika utepe uliokuwa bado mkononi mwake, ingawa ulikuwa mchana na mwisho wake wa pili ulikuwa umening'inia hewani. Nesi aliuona. Aliukunja ule mwisho uliofumuka, akaufunga fundo dogo usiendelee kuchanika.

Siku moja ya Agosti walikuwa wakirudi kwa miguu, maana hewa ilikuwa nzuri na Mama Sikuli alikuwa amewaagiza ndizi. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria, siku ya Mama Wakatoliki kuvaa sare. Donatille alikuwa ameisahau, na alipoikumbuka walikuwa wamekwisha kufika mahali ambapo barabara inanyooka kati ya mawe meusi, pasipo njia ya kupita kando.

Kwa mbali, kutoka upande wa Sake, mwanamke mmoja alikuwa akija peke yake. Alikuwa amevaa buluu yenye maua meupe, na kichwani alibeba kitu kipana kilichokunjwa.

Tuyisenge alisimama.

Donatille alikuwa na macho mazuri ya watu wa milimani. Alimwona mwanamke yule vizuri: mweusi zaidi, mnene mabegani, anachechemea kidogo mguu wa kulia. Alichobeba ni mkeka. Hakumjua. Alifungua mdomo ili aseme kwamba si yeye, na akaona uso wa mjukuu wake.

Ulikuwa umeinuliwa, bila miwani, bila lenzi, jicho moja na ukungu wake na jingine wazi, na haukuwa na hofu aliyoizoea. Ulikuwa kama uso wa mtoto aliyekuwa akitazama mlango siku nyingi.

"Nyogokuru," akauliza kwa sauti ndogo, "ni nani anakuja?"

Kwenye barabara ile, kelele za pikipiki zilikuwa zimepita na nyingine hazijafika. Donatille aliuchukua mwisho wa utepe, akauzungusha kwenye kidole chake.

"Bado yuko mbali," akasema. "Tumngoje."

Wakasogea ukingoni mwa barabara, wakasimama pamoja, na ile buluu ikaendelea kuja.